Kupanga shahada ya biashara: mambo ambayo wengi huyajua wakiwa mwaka wa tatu

Juma la kwanza chuoni mwanafunzi wa biashara hukabidhiwa makaratasi mengi: fomu ya usajili, fomu ya afya, namba ya malipo, ratiba ya vipindi, maelekezo ya hosteli. Prospektasi, yaani kitabu cha programu na kozi za chuo, na kanuni za mitihani kwa kawaida hapewi mkononi. Anaambiwa zipo kwenye tovuti ya chuo. Na hizo mbili ndizo zitakazoamua atahitimu lini, kwa daraja gani, na akiwa na sifa ya kuomba kazi ipi. Wanafunzi wengi niliowaona Mbeya na Iringa huzifungua mara ya kwanza jambo likiwa limeshaharibika. Ana sapu, yaani mitihani ya kurudia, tatu mkononi, au tangazo la kazi limetoka na shahada yake haimo, au mwenzake aliyesoma naye darasa moja ameanza mitihani ya bodi ya taaluma katika ngazi ambayo yeye hakukubaliwa.

Nataka kulifungua fundo hili taratibu, kwa ajili ya mwanafunzi na kwa ajili ya mzazi wa Makete, Vwawa au Mafinga anayelipa ada bila kuelezwa kinachoendelea. Hoja yangu ni moja. Shahada hupangwa kwa kuanzia mwisho: unakotaka kufika ndiko kunakokuambia uchague nini mwaka wa kwanza. Anayeisoma muhula kwa muhula, akisubiri kuona matokeo yatasemaje, hujikuta milango imefungwa bila yeye kuchagua kuifunga.

Shahada yako iko chini ya nani

Ukanda wa Nyanda za Juu Kusini umejaliwa vyuo vya biashara. Jijini Mbeya kuna Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kule Iyunga, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya, na kampasi za Taasisi ya Uhasibu (TIA) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wakubwa bado wanakiita Tumaini, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo vyake mikoani.

Wazazi huniuliza kama shahada ya taasisi ni ndogo kuliko ya chuo kikuu. Si ndogo. Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, chini ya sheria ya mwaka 2005. Taasisi kama TIA na CBE zinasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na masomo yao hupangwa kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za ufundi: stashahada ni ngazi ya 6, shahada ni ngazi ya 8, na ngazi ya 7 iko katikati. Kwenye mfumo wa TCU shahada ya kwanza nayo ni ngazi ya 8. Njia ni mbili, ngazi ni ileile. Kinachopaswa kumsumbua mzazi ni kama programu yenyewe imeidhinishwa, na hilo linaonekana kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Programu isiyokuwemo humo usiilipie hata shilingi, hata kama anayeitangaza ni ndugu yako.

Krediti ni saa za kazi

Neno la kwanza la kulielewa ni krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na ndani yake mna mihadhara, semina, kazi za vikundi, kujisomea na mtihani wenyewe. Mwaka mmoja una krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu inafika 360.

Muhula wa krediti 60 maana yake ni saa 600. Zigawe kwa majuma 15 ya kufundishwa, unapata saa 40 kwa juma, sawa na mtu aliyeajiriwa ofisini. Ratiba ya vipindi huenda ikaonesha saa 20 tu, na mwanafunzi akafurahi kwamba Alhamisi na Ijumaa ni zake. Zile saa 20 zisizo na mwalimu bado zinadaiwa, na zitalipwa ama sasa ama usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kwa kukesha na madesa, yaani noti za kunakili, ya mwaka juzi. Siwalaumu wanaouza nguo za mtumba Mwanjelwa au kuendesha uwakala wa pesa za simu Kabwe huku wanasoma. Wengi wanajilipia ada hivyo, na mwanafunzi wa biashara anayefanya biashara kweli hujifunza kitu ambacho darasa halina. Lakini hesabu ya saa iwe ya kweli. Ukijua biashara yako inakula saa 25 kwa juma, tayari umejua kwamba huwezi kulala kama mwenzako na bado ukapata alama zake.

Hapa niweke tahadhari kuhusu ushauri wa mitandaoni. Mengi yanayoandikwa kuhusu kupanga shahada ya biashara yameandikwa kwa wanafunzi wa Marekani. Kule shahada ya kwanza huchukua miaka minne na kwa kawaida hukamilika kwa krediti kama 120, GPA yao, yaani wastani wa pointi za kozi zote, ina kilele cha 4.0, na mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima au miwili kabla ya kutangaza fani yake. Kwetu krediti 120 ni mwaka mmoja tu, kilele ni 5.0, na fani ulishaichagua siku uliyoomba udahili. Anayeambiwa na video kwamba GPA ya 3.5 ni ya kung'ara na anayoweza kuingia nayo popote, ajue hiyo 3.5 inapimwa kwa rula nyingine.

GPA: hesabu ambayo kila mmoja anapaswa kuifanya mwenyewe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na kufaulu tu ni 2.0 hadi 2.6. Hayo wengi wanayajua. Wasichokijua ni kwamba kozi hazina uzito sawa. Pointi ya kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, zote zikajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa krediti zote.

Chukua mwanafunzi wa muhula wa kwanza mwenye kozi sita. Kanuni za Uhasibu ina krediti 12, amepata C. Hisabati ya Biashara 12, C. Uchumi 10, B. Kanuni za Uongozi 10, B+. Stadi za Mawasiliano 8, A. Kompyuta 8, A. Akijumlisha pointi na kugawa kwa sita anapata 3.5, na anawapigia nyumbani kuwaambia yuko daraja la pili la juu. Hesabu yenyewe ni hii: 24, 24, 30, 40, 40 na 40, jumla 198, gawanya kwa 60. Ni 3.3. Kozi mbili nzito alizozipa kisogo zimemshusha daraja zima, na zile A mbili za kozi nyepesi hazikutosha kumwinua. Kwa hiyo kabla muhula haujaanza, fungua prospektasi, tafuta kozi yenye krediti nyingi, na hiyo ndiyo upe asubuhi zako.

Jambo la pili ni kwamba mwaka wa kwanza unahesabiwa. Wapo wanaofika chuoni wakiambiwa na kaka zao kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Kwenye vyuo vyetu GPA ya mwisho hujumuisha miaka yote. Tuseme umemaliza mwaka wa kwanza na 2.9, na unataka kuhitimu na 3.5. Ukizidisha 3.5 kwa krediti 360 unapata pointi 1,260. Tayari unazo 348. Zimebaki 912 za kutafutwa katika krediti 240, yaani wastani wa 3.8 kwa miaka miwili. Ni kazi, ila inafanyika. Sasa ukae na hiyo 2.9 mpaka mwisho wa mwaka wa pili: utakuwa na pointi 696, na mwaka wa tatu utakudai wastani wa 4.7. Hapo unatakiwa upate A karibu kila mahali, mwaka uleule wenye utafiti na kozi ngumu kuliko zote. Lengo lilelile liliwezekana miezi kumi na miwili nyuma, sasa limekuwa la wachache sana.

Tena, vyuo vingi hukata GPA kwenye desimali ya kwanza bila kuipandisha. 3.49 inasomeka 3.4. Soma kanuni za chuo chako uone wanafanyaje, kwa sababu alama mbili tatu za kozi wek, yaani kazi na majaribio ya muhula, ulizoziacha kwa uvivu wa kutowasilisha kazi ya kikundi zinaweza kuwa ndizo hizo.

Na kwa nini uhangaike na namba hizi? Kuingia uzamili vyuo vingi hutaka angalau 2.7. Kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi wa chuo kikuu hutaka 3.8 ya shahada ya kwanza, na baadaye 4.0 ya uzamili ili kupanda kuwa mhadhiri msaidizi. Mwanafunzi anayesema anataka kuwa mhadhiri lakini hajui namba 3.8 hajaanza kupanga.

Kozi zilizofungana

Kozi za biashara hazikai kila moja peke yake. Kanuni za Uhasibu za mwaka wa kwanza zinabeba uhasibu wa mwaka wa pili, nao unabeba ukaguzi wa hesabu na uhasibu wa makampuni mwaka wa tatu. Hisabati ya Biashara inabeba Takwimu, Takwimu inabeba mbinu za utafiti, na hizo zinabeba ule utafiti wa mwisho ambao watu wengi huuogopa wakidhani wanaogopa kuandika. Ukiwasikiliza vizuri, wanaogopa jedwali la takwimu. Mahali pengine kanuni inakataza kabisa kusoma kozi ya pili kabla ya kufaulu ya kwanza. Hata pale isipokataza, anayeingia ukaguzi wa hesabu bila kujua mizania inafungwaje atakaa darasani kama mgeni.

Hili linawagusa kwa namna tofauti wanaotoka stashahada na wanaotoka kidato cha sita. Aliyetoka stashahada ya uhasibu ameshaona debiti na krediti ya kihasibu miaka miwili, na muhula wa kwanza huuona ni marudio. Wengi wao hulegea hapo, na kufika Takwimu na uchumi wenye hesabu wanakuta wenzao waliosoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) kidato cha sita wamewapita. Aliyetoka HGL au HKL, michepuo ya historia na lugha, akaja kusoma usimamizi wa biashara ana tatizo la kinyume: hajawahi kuona leja maishani. Huyu asisubiri matokeo ya jaribio la kwanza. Juma la pili atafute mwenzake wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) wafundishane, amlipe kwa kumsaidia insha na mawasiliano, maana huko yeye ndiye mwenye nguvu.

Kingine, kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa ya muhula wa kwanza, muhula wa pili haipo. Utaingojea mpaka mwaka unaofuata, na kwa mwaka wa tatu maana yake ni kubaki wenzako wakivaa joho.

Sapu, keri, disko

Maneno haya matatu yanatajwa hosteli kila siku, lakini mara nyingi yanachanganywa.

Sapu ni mtihani wa kurudia, kwa kawaida hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Ukifaulu sapu, alama ya juu unayoandikiwa ni C, hata kama umejibu vizuri kuliko darasa zima. Kwenye kozi ya krediti 12, ile C ni pointi 24, wakati B ingekuwa 36 na A 60. Sapu inakuokoa usibaki, GPA yako haiirudishi. Keri ni kozi uliyoshindwa hata kwenye sapu, ukaruhusiwa kuendelea mbele huku umeibeba, uisome tena pamoja na kozi za mwaka mpya. Hapo ndipo ratiba inapogongana: kozi ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili zote ziko Jumanne saa nne asubuhi. Disko ni kuondolewa. Hutokea GPA ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, au kozi ulizofeli zikizidi zinazoruhusiwa, na kila chuo kina kiwango chake kwenye kanuni za mitihani. Kijue cha chuo chako kabla ya mtihani wa kwanza.

Liko neno la nne ambalo halitajwi sana, na linawaokoa watu: mtihani maalumu. Mwanafunzi aliyeugua, aliyefiwa au aliyepata ajali siku za mitihani, akatoa taarifa kwa maandishi na kuwa na vielelezo, hupangiwa kufanya mtihani wakati wa sapu na matokeo yake huhesabiwa kama mtihani wa mara ya kwanza. A inabaki A. Nimeona kijana akiondoka usiku kwenda kumzika baba yake Ludewa, akakosa mitihani miwili, na hakuandika barua kwa sababu alidhani chuo kitaelewa. Watu walimwelewa na kumpa pole. Mfumo ulimwandikia amekosa mtihani bila sababu. Barua ya ukurasa mmoja, au hata ujumbe kwa mkuu wa idara asubuhi ile ukifuatiwa na barua akirudi, ungebadili kila kitu. Ni vilevile kwa aliyeishiwa ada au anayeumwa muda mrefu: kuahirisha masomo kwa barua ni haki iliyopo, kutoweka kimyakimya ni kujiondoa.

Na ukiwa na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, mambo haya yana bei nyingine. Mkopo hufuata muda wa programu na kufaulu kwako. Mwaka unaourudia unaweza kujikuta huna bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, unajilipia chumba na chakula kwa fedha za nyumbani. Na deni lenyewe linakungoja, maana ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Afisa mikopo wa chuo ni mtu wa kumwona mapema, kabla jina lako halijakosekana kwenye orodha.

Mwelekeo, bodi na matangazo ya kazi

Sasa tuje kwenye kuanzia mwisho. Watu husema anasoma biashara kana kwamba biashara ni kitu kimoja. Mwajiri wa serikali haisomi hivyo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja kada, na kila kada hutaja fani au mwelekeo wa shahada: uhasibu, fedha, ununuzi na ugavi, masoko, rasilimali watu. Mwanafunzi wa usimamizi wa biashara anayechagua kozi za hiari mwaka wa tatu kwa kufuata marafiki, moja ya masoko, moja ya fedha, moja ya rasilimali watu kwa kuwa mwalimu wake hatoi kazi nyingi, anaweza kuhitimu na GPA nzuri bila mwelekeo wowote unaosomeka kwenye hati yake. Kozi za hiari ni chache na zinaonekana ndogo, ila ndizo zinazokupa jina.

Mfano wa wazi ni uhasibu. Serikalini mwenye shahada bila CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, huajiriwa kama Afisa Hesabu. Kada ya Mhasibu inadai CPA(T), ambayo hutolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mitihani ya bodi hufanyika Mei na Novemba, na imegawanyika katika ngazi ya msingi, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu iliyotambuliwa na bodi husamehewa ngazi ya msingi; aliyesoma shahada isiyo ya uhasibu huanzia chini. Wawili waliokaa darasa moja la Fedha za Makampuni, mmoja akiwa Uhasibu na Fedha na mwingine Usimamizi wa Biashara, hawaanzii mahali pamoja. Tofauti hiyo ilipaswa kuulizwa siku ya kujaza fomu za udahili, au walau katika majuma ya mwanzo ambapo kuhama programu bado kunawezekana.

Ununuzi na ugavi nako kuna bodi ya wataalamu wake, PSPTB, na sheria haimruhusu mtu kuajiriwa kama mtaalamu wa ununuzi bila kusajiliwa. Masoko na rasilimali watu haziko hivyo, kwa hiyo huko uzoefu na kazi ulizofanya hubeba uzito zaidi. Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza ni huu: ingia kwenye matangazo ya kazi, ya serikali na ya benki na ya kampuni, soma yale ya miezi michache iliyopita, andika sifa zinazotajwa kwenye kazi unazozitamani. Halafu weka orodha hiyo kando ya prospektasi. Utaona mwenyewe ni kozi gani usiyoweza kuiacha.

Wala si kila mpango uishie kwenye ajira ya serikali. Tunaishi kwenye ukanda ambao biashara inaonekana kwa macho: mpunga wa Mbarali, parachichi za Rungwe na Njombe, chai ya Mufindi, mbao za Mafinga, kakao ya Kyela inayouzwa kwa stakabadhi ghalani, malori ya Zambia na Kongo yakipanga foleni Tunduma. Mwanafunzi anayetaka kufanya kazi ya forodha na usafirishaji apigie hesabu fildi yake, yaani mafunzo kwa vitendo, Tunduma. Anayetaka fedha za kilimo aende kwenye AMCOS, chama cha ushirika wa wakulima, ya kahawa Mbozi, akaone jinsi malipo ya wakulima yanavyokokotolewa msimu ukiwa umechangamka. Inanisikitisha kuona mtu mwenye ndoto ya uuzaji wa parachichi nje ya nchi akimaliza fildi yake kwenye ofisi iliyo karibu na kwa shangazi, akitoa kopi na kupanga mafaili, kwa kuwa barua ya maombi aliipeleka Juni wakati nafasi zilishajaa Aprili. Na utafiti wa mwaka wa tatu ukatolewe hapohapo kwenye fildi. Mada uliyoiishi na takwimu ulizozishika ni nusu ya kazi.

Mshauri wa taaluma ni nani

Kwenye vyuo vyetu mshauri wa taaluma kwa kawaida ni mhadhiri aliyegawiwa kundi la wanafunzi, juu ya vipindi vyake, kusahihisha kwake na utafiti wake. Marekani vyuo vingi vya biashara vina waajiriwa ambao kazi yao ni hiyo tu. Kwa hiyo usimngoje akutafute. Hakuna ubaya moyoni mwake. Majina ni mengi na siku ni fupi. Naamini vyuo vyetu vinapaswa kuwapunguzia vipindi walimu wanaoshauri, na kuhesabu ushauri kama kazi wanapopandishwa vyeo. Mpaka hilo litokee, mwanafunzi ndiye atakayeufanya mfumo ufanye kazi.

Mazungumzo mengi huanza na kuishia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja unishauri."

"Marahaba. Kuhusu nini?"

Kimya. Mwalimu atatoa maneno ya jumla kuhusu bidii, na wote wawili wataagana kwa heshima bila kitu kusogea. Nenda na karatasi. Matokeo yako yote mpaka leo, GPA uliyoikokotoa mwenyewe, kozi zilizobaki kwa kila muhula mpaka mwisho, kazi au bodi unayoilenga, na maswali mawili yaliyoandikwa. Nikichukua masoko badala ya fedha, NBAA watanipokea ngazi gani? Nikibeba hii keri, inagongana na nini muhula ujao? Maswali ya namna hiyo mwalimu anaweza kuyajibu kwa dakika kumi, au kukupeleka kwa mratibu wa programu anayeyajua. Jambo likiwa la maisha, msiba, ujauzito, unyanyasaji, msongo, mlango wake ni wa mlezi wa wanafunzi. Na la fedha ni la afisa mikopo. Kumpelekea mshauri wa taaluma kila kitu ndiko kunakomfanya ashindwe yote.

Mwone mwanzo wa kila muhula, kabla dirisha la kusajili kozi halijafungwa, na mara moja zaidi matokeo yakitoka. Kozi usiyoisajili kwenye mfumo ni kozi ambayo hukuisoma, hata kama ulihudhuria kila kipindi. Matokeo nayo yana muda mfupi wa kukata rufaa. Ukiona alama ya kozi wek haijaingia, siku hiyohiyo mwone mwalimu wa kozi ukiwa na kazi zako zilizosahihishwa. Ndiyo maana hazitupwi mpaka umehitimu.

Mwaka wa tatu muhula wa kwanza, omba mratibu akukagulie rekodi yote: kila kozi ya lazima ipo, krediti zinafika, hakuna keri iliyosahaulika ya mwaka wa kwanza. Kagua na jina. Liwe lilelile, kwa herufi zilezile, kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na mfumo wa chuo, maana kurekebisha tofauti kwa hati ya kisheria huchukua muda ambao tangazo la kazi halitakusubiri. Ukishamaliza, fuatilia transkripti na cheti chenyewe. Maombi ya ajira serikalini hukataa matokeo ya muda na hati za matokeo za nusunusu, na kwa NBAA nako, ukitaka kufanya mitihani ya Novemba baada ya kumaliza Julai, usajili hufungwa mapema kuliko mitihani yenyewe.